Msiidharau Amplifaya ya Wati Tano

Kuna hukumu moja inayotolewa kila wapiga gitaa wanapokutana, iwe nyuma ya jukwaa, kwenye chumba cha mazoezi cha kwaya au mbele ya kaunta ya duka la vyombo vya muziki. Hukumu yenyewe ni hii: amplifaya ndogo ya valvu, ile ya bei nafuu yenye wati tano na nobu moja au mbili, ni kitu cha kujifunzia. Mpigaji aliyekomaa hainunui. Akiwa na fedha, atafute ya wati hamsini au mia yenye jina linaloheshimika. Akiwa hana, aachane na valvu kabisa, achukue ya kidijitali yenye sauti mia ndani yake. Rahisi ni ghali, wanamalizia, na mjadala unafungwa hapo.

Naipinga hukumu hiyo kuanzia msingi wake. Amplifaya ndogo ya valvu ya bei nafuu ni chombo kamili. Ukiijaribu nyumbani kwa utulivu, ukijua unachokisikiliza, utaona kwamba wanaoidharau wanapima mambo matatu ambayo hayaamui sauti: idadi ya wati, bei iliyobandikwa na nchi ilikotengenezwa. Mambo yanayoamua kweli, yaani mchoro wa saketi, spika na mkono wa mpigaji, hawayagusi.

Siwaiti wajinga wenye maoni hayo. Wengi wao ni wapigaji wazuri kuliko mimi, na hoja zao zina mantiki kwa nje. Wanasema nguvu ndogo haiwezi kutoa sauti ya maana, kwamba kampuni haiwezi kuuza valvu kwa bei ya chini bila kudanganya mahali fulani, na kwamba teknolojia ya valvu imeshapitwa na wakati, hivyo anayeinunua kwa bei ndogo ananunua kumbukumbu iliyochakaa. Hoja hizi zinastahili kujibiwa moja moja.

Tuanze kwa kuifungua amplifaya yenyewe, kwa sababu nusu ya ubishi huu hutoka kwa watu ambao hawajawahi kuona kilichomo. Hamna mengi. Kuna valvu ndogo, kwa kawaida 12AX7, ambayo ndani ya kioo chake kimoja zimekaa valvu mbili. Ya kwanza hupokea umeme hafifu kutoka kwenye pikapu za gitaa na kuukuza. Nobu ya sauti huamua kiasi kinachopita, kisha ya pili hukuza tena. Hapo kazi hukabidhiwa valvu kubwa zaidi, EL84 au 6V6, ambayo ndiyo yenye nguvu ya kuisukuma spika. Kwa kuwa valvu hutumia volti mamia na mkondo mdogo, na spika hutaka volti chache na mkondo mkubwa, kati yao huwekwa transfoma ya kutolea sauti ili kuzipatanisha. Ongeza transfoma ya umeme wa ukutani, kapasita na vipingamizi vichache, na mchoro umekamilika.

Mchoro huo haukubuniwa juzi ili kubana gharama. Kwa tofauti ndogo, ndio uliokuwa ndani ya Fender Champ iliyouzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950: 12AX7 moja, 6V6 moja, valvu moja ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC, spika ya inchi 8 na nobu moja tu. Fender waliilenga kwa wanafunzi, na kwa jina hilo la uanafunzi ingeweza kufa kimya. Haikufa. Mwaka 1970, katika studio za Criteria jijini Miami, Eric Clapton na kundi lake la Derek and the Dominos walirekodi albamu ya Layla and Other Assorted Love Songs, na Champ ndiyo aliyoitegemea humo. Miaka miwili kabla ya hapo, Jimmy Page alikuwa jijini London akirekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin. Watu wengi wakisikia gitaa lile huona akilini minara ya amplifaya za Marshall, lakini Page alikuwa na gitaa la Telecaster na Supro, amplifaya ya Kimarekani iliyouzwa kwa wasio na fedha nyingi. Na Neil Young amekuwa akipanda majukwaa makubwa ya dunia kwa zaidi ya miaka hamsini na Fender Deluxe ya mwaka 1959 yenye wati zipatazo 15, aliyoinunua mwaka 1967 kwa dola zipatazo 50.

Najua jibu linalokuja: hao ni mabingwa, hata wakipewa redio mbovu watatoa sauti. Hilo ni kweli, na linaisaidia hoja yangu. Kama mkono ndio unaotoa sauti, basi bei ya amplifaya haiwezi kuwa kipimo cha umakini wa mpigaji. Zaidi ya hayo, watu hawa hawakulazimika. Wangeweza kutumia chombo chochote walichokitaka, na ndani ya studio, mahali ambapo kila kosa husikika, walichagua kidogo.

Sasa wati. Kwa nini tuliamini kwamba amplifaya ya kweli ni lazima iwe ya wati hamsini au mia? Jibu liko katika historia ya kumbi. Katikati ya miaka ya 1960, spika za ukumbini zilikuwa za waimbaji, na hata wao hazikuwatosha. Gitaa lilijitegemea: kilichotoka kwenye amplifaya ya mpigaji ndicho kilichowafikia watu wa nyuma kabisa. The Beatles walipopiga Shea Stadium mjini New York mwezi Agosti 1965 mbele ya watu zaidi ya 55,000, kampuni ya Vox ilikuwa imewatengenezea amplifaya za wati mia ili angalau wasikike. Mwaka huohuo Jim Marshall wa London alianza kutoa za wati mia kwa sababu Pete Townshend na wenzake wa The Who walitaka sauti kubwa kuliko zote zilizokuwapo. Wati mia zilikuwa dawa ya tatizo la spika dhaifu za ukumbi. Tatizo hilo limekwisha. Leo unaweka maikrofoni mbele ya spika ya gitaa, waya unakwenda kwenye mixa, na ukumbi unajazwa na spika za ukumbi. Ugonjwa umepona, lakini dawa bado tunainywa na kuiita ladha.

Halafu kuna hesabu, ambayo wauzaji wengi hawaigusi. Sikio halihesabu wati moja moja. Ukiongeza nguvu mara mbili, kutoka wati 50 hadi 100, unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kushtuka. Ili sauti ihisike kuwa maradufu inahitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Maana yake amplifaya ya wati 50 haina sauti mara kumi ya ile ya wati 5. Ina sauti takriban mara mbili.

Spika nyingi za gitaa za inchi 12 hutoa desibeli zipatazo 97 hadi 100 kwa wati moja, ukipima umbali wa mita moja. Zipe wati tano, unaongeza desibeli 7, na unajikuta kwenye desibeli 104 au zaidi ndani ya chumba chako. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza afya kazini, imeweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa nane, na kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka muda unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Kwa hiyo anayeniambia wati tano hazitoshi nyumbani amekosea upande mzima: wati tano zikifunguliwa zote nyumbani ni nyingi kupita kiasi.

Hapa ndipo amplifaya kubwa inaposhindwa vibaya zaidi. Iwashe ya wati mia sebuleni. Utaizungusha nobu hadi moja, labda moja na nusu, na jirani atakuwa ameshagonga mlango. Katika kiwango hicho valvu kubwa hazijaamka, transfoma haina kazi, na spika za inchi 12 hazitikisiki. Umelipia wati mia na unasikia mbili. Ni sawa na kuinjika sufuria la harusi ili kuchemsha chai ya mtu mmoja. Amplifaya ndogo ikiwa katikati ya nobu yake, kila sehemu inashiriki: valvu ya mwisho inafanya kazi, transfoma inafanya kazi, spika inapumua. Mpigaji wa nyumbani hupata amplifaya nzima kwenye ile ndogo, na kipande tu kwenye ile kubwa.

Tuje kwenye bei. Hoja ya kwamba bei ya chini lazima ifiche udanganyifu inasikika kuwa ya busara mpaka uulize fedha huenda wapi. Valvu za aina hii zinazotengenezwa leo hutoka katika viwanda vichache mno: kimoja kikubwa kiko Saratov nchini Urusi, kingine cha JJ kiko Slovakia, na vingine viko China. Kampuni inayouza amplifaya ya dola 3,000 hainunui valvu mahali pa siri. Machi 2022, Urusi ilipozuia bidhaa kadhaa kusafirishwa nje, bei za valvu zilipanda na wapigaji wa kila daraja walihangaika pamoja, kwa sababu wote walikuwa wakinywa kwenye kisima kimoja. Kadhalika kipingamizi cha kilo-omu 100 ni cha kilo-omu 100 popote kilipowekwa, na umeme unaopita ndani yake haujui umepita katika kasha la nani.

Tofauti zipo, na ni haki kuzitaja. Ya bei kubwa mara nyingi huunganishwa kwa mkono, waya kwa waya, na fundi mwenye mshahara mzuri. Kasha lake ni la mbao nzito zilizounganishwa kwa ustadi. Transfoma zake ni pana na zina chuma kingi zaidi, hivyo besi hupita vizuri. Spika yake ni bora. Ya bei nafuu hutumia bodi ya saketi iliyochapwa, na pale soketi za valvu zilipobandikwa juu ya bodi hiyo, joto la miaka mingi huweza kuichosha. Fundi atapata tabu zaidi kuitengeneza. Hizo ni sababu halali za mtu mwenye uwezo kulipa zaidi.

Lakini zisome vizuri. Nyingi zinahusu uimara, urahisi wa matengenezo na uzuri wa macho. Zinazohusu sauti moja kwa moja ni mbili, transfoma na spika, na kati ya hizo spika ndiyo nzito zaidi na ndiyo rahisi zaidi kubadilisha. Hapa kuna siri ambayo ingemaliza nusu ya ubishi kama ingejaribiwa madukani: ile sauti nyembamba, ya ndani ya boksi, ambayo watu huitaja kama ushahidi dhidi ya amplifaya ndogo, kwa kiasi kikubwa ni sauti ya spika ya inchi 6 au 8 iliyofungiwa katika kasha dogo. Saketi haihusiki. Nyingi za amplifaya hizi zina tundu la spika ya nje. Chomeka humo boksi lenye spika ya inchi 12 yenye omu zile zile, kwa waya wa spika na si waya wa gitaa, na mtu aliyekuwa akicheka atakaa kimya asikilize.

Nyumbani kwangu nimekaa na moja ya aina hiyo: 12AX7 moja, EL84 moja, spika ya inchi 8, bodi ya kuchapwa, imetengenezwa China, bei yake chini ya dola 250. Niliichomekea gitaa lenye pikapu za koili moja. Nataka kueleza nilivyoipima, kwa sababu ninaamini wengi wetu tunazipima amplifaya hizi kwa mtihani wa muziki wa watu wengine.

Mtihani wa kawaida ni wa roki. Mpimaji anafungua sauti hadi mwisho, anapiga do na so kwa pamoja kwenye nyuzi nene, na anasikiliza jinsi sauti inavyokwaruza. Mtihani huo ni mwepesi kuliko unavyoonekana. Valvu inapolemewa hutengeneza noti ambazo mpigaji hakuzipiga, yaani jumla na tofauti za mitetemo ya noti zile mbili. Do na so zina uwiano wa karibu kabisa wa 2 kwa 3, hivyo noti hizo za ziada huangukia ndani ya ukoo ule ule na kuinenepesha kodi, yaani noti zilizopigwa pamoja. Karibu amplifaya yoyote inayokwaruza itasikika kubwa kwa do na so.

Muziki wa dansi wa Afrika Mashariki na Kongo unauliza swali gumu zaidi. Solo yetu hutembea kwa noti mbili mbili zilizo karibu: do na mi, re na fa, mi na so. Kwenye gitaa lenye fereti, do na mi hazina uwiano safi wa 4 kwa 5. Mi iko juu kidogo ya pale inapotakiwa na maumbile. Sauti ikiwa safi sikio husamehe. Sauti ikianza kukwaruza, zile noti za ziada huja zikiwa zimepinda, na kilichokuwa utamu kinakuwa uji wenye mabonge. Kwa hiyo mpigaji wa dansi akiijaribu amplifaya kwa jozi zake za do na mi, anafanya uchunguzi mkali kuliko mwanaroki mwenye nobu zote mwisho. Hawezi kujificha nyuma ya mkwaruzo.

Amplifaya yangu ndogo ilifaulu mtihani huo. Mpaka karibu katikati ya nobu, jozi zilitoka wazi, kila noti ikiwa na kichwa na mkia wake. Nilipopiga kwa nguvu, valvu ilibana kilele cha pigo kidogo tu, kiasi kwamba noti ya haraka haikuchoma sikio na noti ndefu haikuzama. Nilipopanda zaidi ya hapo, do na mi zilianza kuchafuka, kama fizikia inavyotaka. Lakini niliposhusha nobu ya gitaa lenyewe kutoka kumi hadi sita, usafi ulirudi bila mimi kuigusa amplifaya. Mkono wa kulia nao ulipata mamlaka: pigo laini likaleta sauti safi, pigo kali likaleta mkwaruzo mfupi mwanzoni mwa noti. Kwa mpigaji wa rithim, ambaye kazi yake yote ni mapigo mafupi yanayojibizana na solo, uwezo huo wa kubadili sauti kwa mkono ndio chombo chenyewe. Ulikuwapo kwenye kifaa ambacho wataalamu wa kaunta waliniambia ni cha watoto.

Nadhani dharau yetu ina mizizi pia katika namna tulivyozipata amplifaya. Bendi zetu kubwa za Tanzania zilikua mikononi mwa taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mpigaji alikuwa mwajiriwa aliyevitumia. Amplifaya ilikuwa kitu cha ukumbini, cha kusafirishwa kwa gari la bendi na kufungiwa stoo. Nyumbani ulikuwa na vidole vyako, na gitaa kama ulibahatika. Katika mazingira hayo, amplifaya maana yake ni kubwa, na ndogo haina mahali. Nchi imebadilika, mwajiri wa bendi ameondoka, mpigaji wa leo anajinunulia mwenyewe na anafanya mazoezi chumbani. Mawazo yetu kuhusu chombo hicho bado yamebaki stoo ya mwajiri.

Hoja ya tatu ni ya kidijitali, na ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa hiyo siipiti haraka. Kifaa cha kidijitali cha bei ile ile kina visikilizi, kina mwangwi na vionjo vingine, kinaweza kurekodi kwenye kompyuta, hakihitaji kupashwa moto, kinakula umeme mdogo, na baadhi hutumia betri umeme unapokatika. Anayeishi chumba kimoja na mtoto aliyelala anunue hicho, na mtu asimwambie amekosea. Mhandisi mzuri leo anaweza kuiga amplifaya ya valvu kiasi kwamba kwenye rekodi iliyokamilika masikio mengi hayatatofautisha. Hayo nayakubali yote.

Nisichokikubali ni hitimisho linalobandikwa juu yake, kwamba kwa hiyo valvu ndogo haina kazi. Kifaa chenye sauti mia humfundisha mwanafunzi kuchagua. Chenye nobu moja humfundisha kupiga. Kijana akikosa sauti aliyoitaka kwenye kile cha kwanza, anabonyeza namba nyingine. Kwenye cha pili hana pa kukimbilia: abadilishe mahali anapogusa waya, achague pikapu nyingine, apunguze nguvu ya kidole, ashushe nobu ya gitaa. Anajifunza kwamba sauti inaanzia kwake. Nimeona wapiga gitaa wa makanisani, vijana wenye vipaji vya kutisha, wakichomeka gitaa kwenye kifaa kisha kwenye mixa, na hawajawahi hata siku moja kusikia spika ikijibu mkono wao wakiwa peke yao. Kasi wanayo. Wanachokikosa ni sauti yao wenyewe.

Kuna pia suala la umri. Champ za miaka ya 1950 bado zinakarabatiwa na kupigwa, kwa sababu kila kipande chake kinaeleweka na kinapatikana. Amplifaya ndogo ya leo, hata ikiwa na bodi ya kuchapwa, bado ni vipande vichache ambavyo fundi redio mzuri anaweza kuvifuata kwa mchoro wa ukurasa mmoja. Chipu ya kidijitali ikifa baada ya kiwanda kuacha kuitoa, fundi wa Kariakoo au wa River Road, Nairobi, hana cha kushika. Anayesema rahisi ni ghali aanze kuhesabu kutoka hapo.

Anayetetea kitu kwa nia njema hafichi kasoro zake. Amplifaya hizi hunguruma. Yangu hunguruma kidogo hata gitaa likiwa halijachomekwa, na katika nyumba yenye waya mbovu wa ardhi itanguruma zaidi. Dawa ni kutengeneza ardhi ya nyumba. Kamwe usikate pini ya ardhi ya plagi ili kunyamazisha mngurumo, maana pini hiyo ndiyo inayosimama kati yako na mauti, wewe uliyeshika nyuzi za chuma. Ndani ya kasha mna volti zaidi ya 250 zinazobaki kwenye kapasita hata baada ya kuzima, kwa hiyo asiyejua asifungue. Usiiwashe bila spika kuunganishwa, utaua transfoma ya kutolea sauti. Na ndugu yako akikuletea moja kutoka Marekani, soma nyuma kabla ya kuchomeka: ya volti 120 ikikutana na umeme wetu wa 230 au 240 haikupi nafasi ya pili.

Kasoro nyingine ni jukwaani. Wati tano peke yake haziwezi kushindana na ngoma na besi ukiwa unataka solo safi isiyokwaruza, kwa sababu usafi unahitaji nguvu ya akiba. Hapo utahitaji maikrofoni na mixa, au amplifaya ya wati 15 au 20. Hata nyumbani, kwenye nyumba zetu za bati na madirisha ya vioo vya kupangana, itabidi utumie ile swichi ya kupunguza nguvu ambayo amplifaya kadhaa ndogo za siku hizi zinayo, au utegemee nobu ya gitaa na ustaarabu wako. Hayo yote ni mipaka ya kifaa, na kila chombo kina mipaka. Zeze lina mipaka, marimba yana mipaka, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa sababu hiyo ni vya watoto.

Madhara ya hukumu hii tunayaona. Kijana aliyeambiwa kwamba chochote chini ya wati hamsini ni mchezo anaahirisha. Anangoja fedha ambazo hazitakuja mwaka huu wala ujao, na miaka ambayo vidole vyake vingejifunza haraka inapita akipiga gitaa la umeme lisilochomekwa popote. Mwingine anakopa, ananunua kubwa, na hawezi kuifungua nyumbani hata kidogo, hivyo anaishia kuipangisha kwa wenye harusi. Walimu nao hurudia walichoambiwa, na wenye maduka huagiza kinachoulizwa, kwa hiyo kilichodharauliwa hakipatikani, na kwa kuwa hakipatikani hakuna anayekijua ili akitetee.

Mduara huu unaweza kukatwa. Mwalimu wa gitaa anaweza kuweka moja darasani na kumfanya kila mwanafunzi aipige bila kifaa kingine chochote. Mwenye duka anaweza kuiunganisha na boksi la inchi 12 ili mteja asikie saketi badala ya kasha. Kiongozi wa kwaya anaweza kuweka maikrofoni mbele yake Jumapili moja na kusikiliza kinachotokea kwenye mixa. Na yule anayeipinga, namwomba aje kuipinga kwa masikio. Aketi nayo chumbani, aipashe moto, aweke nobu katikati, apige do na mi kwa vidole vyake mwenyewe, ashushe gitaa na kulipandisha, kisha atutajie ni kitu gani katika sauti ile kinachokosekana ambacho dola elfu mbili zingemnunulia nyumbani. Akikitaja, nitamsikiliza kwa heshima. Asipoweza kukitaja, basi hukumu anayoirudia kila mahali haina shahidi, na vijana wetu hawana sababu ya kuendelea kuitumikia.